Mtani wa Mkaa

Siku Gideoni aliporudi kutoka Dar es Salaam na habari kwamba hoteli yao itaacha kutumia mkaa, wafanyakazi wote walipiga makofi isipokuwa mpishi. Msidhani Mwanahamisi alikuwa anabisha. Ubishi alikuwa nao, tena wa kutosha, muulizeni yeyote aliyewahi kumwambia kwamba chumvi imezidi. Lakini siku hiyo hakuwa na la kubisha. Alisikia tu kwamba mkaa basi, na kabla hajasikia lililofuata, mawazo yake yalikwishafika langoni, pale ukutani ambapo Shabani Ngonyani huegemeza baiskeli yake. Mkaa ukikoma, Shabani hana tena sababu ya kuja Mikindani. Hilo ndilo lililomuuma, na hakuwa na wa kumwambia.

Hoteli yenyewe ilikuwa nyumba ya mawe ya zamani, ya ghorofa moja, karibu na maji. Wageni wake walikuwa Wazungu wanaokuja kuzamia kwenye matumbawe, na wengine wapita njia wa kuelekea Msumbiji. Gideoni ndiye aliyekuwa meneja, mtu wa Singida, mwembamba, mlokole, mwenye kalamu mbili mfukoni hata akiwa likizo. Aliwakusanya watu ukumbini akawaeleza kwamba wenye hoteli za pwani wamekaa pamoja na makampuni yanayoleta watalii, wakaona dunia inapata joto na bahari inapanda, na kwamba watalii wenyewe, kwa ndege zao na majenereta yao, wana mkono katika jambo hilo. Kwa hiyo kila hoteli imeahidi. Jenereta litapumzika na umeme wa jua utafanya kazi. Ufuko utapandwa mikoko. Na jikoni hakutaingia tena mkaa wala kuni. Hoteli itakayotimiza itapewa kibao cha kubandika mlangoni. Mwaka ulikuwa 2008, na maneno hayo yalikuwa mapya masikioni mwa wengi.

Mimi sina ugomvi na ahadi hizo. Bahari inakula nchi, na anayebisha aende mwenyewe huko Ruvuma unakomwagikia akajionee. Ila zinaandikwa na watu waliokaa kwenye viti vya kuzunguka, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza mkaa huo unaletwa na nani, na huyo anayeuleta anapokelewa na nani jikoni. Haya, ngoja niwaeleze.

Shabani hakuwa mtu wa pwani. Kwao ni Songea, upande wa milima ya Matogoro, ambako Ruvuma unaanza kama kijito cha kurukwa na watoto. Alikuwa Mngoni. Ujana wake aliumalizia kwenye mto huo, akilima hapa, akivua pale, akishuka kidogo kidogo mpaka akafika Kitaya, akaona hapo panamtosha. Akaoa, mke akavuka kurudi kwao Msumbiji vita vilipokwisha, talaka ikapita, maisha yakaendelea. Kazi yake ikawa kuchoma mkaa. Alikuwa akiteremka hadi mdomoni mwa mto, anakata mikoko, anajenga tanuri, kisha anapakia magunia kwenye baiskeli na kuyasukuma hadi Mtwara mjini na Mikindani. Mkaa wa mkoko ni mzito na unakaa sana jikoni, wapishi wote walikuwa wanaulilia.

Mwanahamisi naye alikuwa Myao, wa Masasi, aliyeletwa pwani na mumewe Salumu, kuli wa bandarini. Salumu alifariki kwa homa mwaka ule kabla mvua za Elnino hazijaanza. Siku ya msiba watu wamejaa uani, maiti inasubiri kutolewa, ndipo Shabani akapita barabarani na magunia yake. Akauliza nani kafa. Akaambiwa ni Myao. Sasa nyie mnajua, Mngoni na Myao ni watani tangu enzi za vita vya mababu, na mtani hapiti msibani hivi hivi. Akaegemeza baiskeli, akaingia na vumbi lake la mkaa usoni, akajilaza chali mlangoni pale pale jeneza linapopita. Akasema harusi hii haiendi. Marehemu ni mtu mjanja, alisema, anajifanya amelala ili asimlipe kuku wake, basi jeneza halitoki mpaka kuku apatikane. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Wakamtafutia kuku. Alipoinuka akapaza sauti kuelekea chumbani walikokaa wanawake, akasema huyo mjane wasimlize sana, ni mke wake yeye, anamngoja amalize eda.

Na huko ndani, chini ya kanga, Mwanahamisi alicheka. Ilimtoka tu. Aliona aibu hata akajiuma mkono, kwa maana mume wake alikuwa bado hajazikwa, lakini tangu Salumu aanze kuugua hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza. Uso wa aliyemchekesha hakuuona. Sauti aliishika.

Eda ilipokwisha akapata kazi ya upishi hotelini. Asubuhi moja akiwa anachekecha unga akasikia kutoka langoni: “Mke wangu Myao! Mume wako kafika.” Alikuwa yeye, na magunia. Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi. Kila alipoleta mkaa alipiga ukelele huo, na Mwanahamisi hakumwachia. Alimwambia babu zake walikuja kutoka Kusini mbio na ngao zao, hawajui hata chumvi ni nini, mpaka Wayao wakawauzia. Shabani alimjibu kwamba babu zake hao hao ndio waliowafukuza Wayao mpaka wakaishia baharini, na sasa yeye amemfuata mpaka hapa, je, atakimbilia wapi tena, majini? Jikoni watu walikufa kwa kicheko. Glory, msaidizi wa jikoni, binti wa mwalimu kutoka Kagera, alikuwa akiacha kumenya viazi ili asikose hata neno moja.

Utani una sheria yake, nayo ni moja tu, kwamba lazima ujibu. Mtani akikutupia neno ukanyamaza, umeshindwa, na ukishindwa unalipa anachotaka. Kwa hiyo hao wawili walijibizana miaka na miaka, na hakuna aliyenyamaza. Shabani alipoondoka, Mwanahamisi alirudi kwenye sufuria zake akiwa mwepesi, na siku hizo hata wageni walisema chakula kimekuwa kizuri zaidi. Mwenyewe alijiambia ni mkaa mpya.

Mimi ningekuwepo ningempiga kofi. Mwanamke mzima, mwenye binti aliyeolewa Lindi, anadanganywa na nafsi yake kwamba anapenda mkaa.

Basi mwaka mmoja, wakati Mtwara bado inasubiri umeme wa gesi ya Msimbati, Shabani alikuja siku isiyo yake. Hakupiga kelele langoni. Hakuwa na gunia. Alivaa shati lililopigwa pasi, ananukia sabuni, na kucha zake alizisugua mpaka zikabaki na weusi kidogo tu pembeni. Akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akasema kwa sauti ya chini, “Mwanahamisi, nimeezeka nyumba yangu kwa bati. Nataka nimtume mshenga kwa kaka yako Masasi.”

Alimwita kwa jina. Hakuwahi kumwita kwa jina. Mwanahamisi alilisikia na moyo ukamruka, akajua kabisa kwamba huyu leo hatanii. Lakini Glory alikuwa ameshaacha viazi. Wafagizi wawili walikuwa wamesimama mlangoni, macho yamewatoka, midomo tayari kwa kicheko. Akaona haya. Akajiona alivyo, mjane, mikono ya masizi, anaposwa mbele za watu kati ya vitunguu na perege. Na ulimi, ukisha kuzoea njia, unaifuata wenyewe. Akamjibu kwamba mshenga aje na ng’ombe wote ambao babu zake waliwaibia babu zake yeye, na akipungua mmoja awarudishe wote.

Jiko zima lilivunjika mbavu. Shabani naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Akanywa chai, akaaga. Safari iliyofuata alikuja na magunia akapiga ukelele wake langoni kama kawaida, na Mwanahamisi akamjibu kama kawaida, huku ndani anaomba alirudie lile neno, alirudie mara moja tu. Hakulirudia. Miaka ikapita, kila gunia likishushwa Mwanahamisi akitazama kama leo amekuja na shati la pasi. Alimtamani. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kulisema. Alimtamani akiwa amekaa naye meza moja, na akisha kuondoka alimtamani zaidi.

Sasa ndipo hapo Gideoni akaleta ahadi yake.

Gideoni hakuwa mtu mbaya, jamani. Jioni ile ile alimwita Mwanahamisi ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha wageni. Akamwambia tatizo ni mkate wa kumimina. Wageni wanausifu, umetajwa hata kwenye vijitabu vya utalii, na kila mtu anajua mkate wa kumimina hupaliwa makaa chini na juu. Jiko la gesi linakuja. Lakini kama mpishi atasema mkate hautengenezeki kwa gesi, wale wa umoja wa hoteli watakubali jiko la hoteli libaki na gunia moja moja la mkaa kwa ajili ya mkate tu. Kuna mama atatumwa kutoka Dar es Salaam kuja kukagua, na atamuuliza mpishi, si meneja. “Uamuzi ni wako, Bi Mwanahamisi,” alisema. “Jikoni mkubwa ni wewe.”

Mwanahamisi alirudi nyumbani siku hiyo anatembea juu ya hewa. Gunia moja moja! Gunia moja linatosha kuleta baiskeli, na baiskeli inamleta mtu. Alichotakiwa kusema ni neno moja tu, haiwezekani. Alilala akilisema.

Jiko la gesi likafika, jeupe, limefungwa nailoni. Gideoni akamwomba Mwanahamisi ajaribu mkate kwanza. Akachanganya mchele na tui na hamira, akautia ndani ya jiko lile akimwomba Mungu uharibike. Mkate ukaumuka. Ukapanda taratibu, ukasimama kichwa juu bila haya, umekauka pembeni, na harufu yake ya iliki ikajaa uani. Juu tu ndipo palipopauka kidogo. Mwanahamisi aliukasirikia mkate ule kama mtu aliyemtukana. Akaukata vipande haraka, akawagawia wafagizi, akamwambia Gideoni bado hajaona vizuri.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomkaa moyoni, na hilo lilikuwa la Shabani mwenyewe. Kiangazi kilichopita alikuja na chupa ya maji, akamwambia aonje. Mwanahamisi akajua ni utani mwingine, akapiga funda, akatema. Maji ya chumvi. Shabani hakucheka. Akamwambia maji hayo ameyateka kwenye kisima kilichoko mdomoni mwa Ruvuma, kwenye kijiji anacholala akienda kuchoma mkaa. Kisima hicho alikinywa miaka yake yote ya kwanza, kilikuwa kitamu, wanawake walikuja na ndoo kutoka mbali. “Tanuri langu la kwanza sasa lina samaki,” alisema. “Mikoko nimeikata mimi. Bahari imekuja yenyewe.” Akakohoa, akaifunga chupa, akainuka kushusha magunia. Mwanahamisi hakupata neno la utani la kumjibu, na kwa bahati hakuwa ametupiwa utani.

Yule mama wa ukaguzi aliitwa Martha. Mwanahamisi alikuwa amejiandaa kupambana na mtu wa kujisikia, mwenye viatu virefu na Kiingereza puani. Akaja mwanamke wa makamo, kavaa kandambili, akamshika mkono kwa mikono yake miwili akamwamkia shikamoo mbele ya wafanyakazi wote. Akatazama mitambo ya jua juu ya paa, akatazama ufuko, kisha akasimama jikoni mbele ya mpishi.

“Mama, niambie ukweli,” alisema. “Inawezekana, au tutakuwa tunawadanganya watu?”

Wote wakamtazama Mwanahamisi. Gideoni alikuwa nyuma ya mgeni, anakunja na kukunjua vidole. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile alilolala nalo siku zote hizo, na nyuma ya neno hilo alikuwapo Shabani na baiskeli yake, na shati la pasi. Akafungua mdomo. Na mdomoni, hata sijui niseme vipi, ikamjia ladha ya yale maji ya kisima.

“Inawezekana,” alisema. “Juu unapauka kidogo. Ladha ni ile ile.”

Makofi yakapigwa tena. Martha akamkumbatia. Mwanahamisi akaomba udhuru, akaingia stoo, akakaa juu ya gunia la mkaa lililobaki, akalia akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Hakujuta. Angeulizwa tena angejibu vile vile, na hilo ndilo lililomliza zaidi.

Shabani alipelekewa habari alete mzigo wa mwisho alioagizwa, ili asipate hasara. Mwanahamisi alijua siku yenyewe. Alivaa gauni zuri chini ya aproni, na tangu alfajiri alikuwa anajifunza maneno. Atasema wazi. Atasema mbele ya Glory, mbele ya wafagizi, mbele ya Gideoni na kalamu zake, na atakayecheka na acheke.

Ukelele ukasikika langoni. “Mke wangu Myao! Mume wako kafika.” Gideoni ndiye aliyempokea, akampa pole na shukrani na chai, akamweleza habari za ahadi. Shabani alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema hewala, ni jambo jema, hata yeye kifua hakimpi nafasi tena na mikoko iliyobaki iko mbali. Atarudi kwenye ufuta na muhogo. Kisha akaja jikoni, akalitazama jiko la gesi kama mtu anavyomtazama mume mpya wa mtalaka wake.

Mwanahamisi akaweka mwiko chini. “Shabani,” alisema, “ile habari ya mshenga. Mtume.”

Shabani alimtazama. Akamtazama Glory aliyeacha viazi, akawatazama wafagizi mlangoni wenye midomo tayari. Mwanahamisi aliona kitu kinapita usoni mwake, kisha kikafungwa. Mtu akisha kuchekwa mara moja mahali fulani, hasimami tena pale pale.

“Ng’ombe bado hawajatimia, Myao,” alisema. “Endelea kungoja.”

Wakacheka wote. Mwanahamisi alicheka pia, kidogo akachelewa, na katika kule kuchelewa akaelewa Shabani aliondoka na nini siku ile ya shati la pasi. Alitaka kumkimbilia. Lakini alikuwa na sufuria motoni na wageni mezani, na baiskeli nyepesi isiyo na mzigo huenda haraka.

Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Jikoni pakawa peupe, hapana masizi, hapana moshi wa kuwasha macho, na kila mtu alisifu. Mwanahamisi alikuwa akipika vizuri bila kusikia harufu ya alichopika. Kengele ya baiskeli yoyote barabarani ilimfanya ainue kichwa. Wapita njia wa kutoka upande wa mpakani aliwauliza habari za Kitaya, mvua imenyesha, mto umejaa, kisha aliishia hapo kwa sababu hakujua jinsi ya kuuliza swali lenyewe. Siku ya kupanda mikoko hoteli nzima ilishuka matopeni, Wazungu wakapiga picha, na wengi walikuwa wanachezea tope kuliko kupanda. Yeye alipanda kimya kimya, akaukandamiza kila mche kwa kisigino, na kila mmoja alimrudishia Shabani moyoni mwake. Alimwambia, huu hapa mmoja wako, na huu mwingine.

Halafu kibao kikafika. Kilikuwa kizuri, cha mbao, kimechorwa jua na wimbi. Gideoni akatafuta mahali pa kukipigilia, akachagua ukuta wa langoni. Pale ukutani palikuwa na doa kubwa jeusi, la urefu wa mtu, lililotokana na miaka yote ya magunia na mgongo wa aliyekuwa anayaegemeza. Gideoni akasema haipendezi, akaita mtu wa chokaa. Mwanahamisi alikuwa anatoka kumwaga maji. Akasimama na beseni lake akatazama brashi inavyopanda na kushuka, doa likafifia, likawa la kijivu, likaondoka. Akabaki ameduwaa. Hakuna tena alama yoyote Mikindani nzima ya kuonyesha kwamba mtu yule aliwahi kufika.

Akaweka beseni chini, akamfuata Gideoni na mikono yake yenye maji, akaomba ruhusa. Gideoni akauliza kuna msiba. Akamwambia hapana, na safari hii ni yeye anayekwenda kumlalia mtu mlangoni. Gideoni hakuelewa, lakini alitia sahihi.

Stooni kulibaki vumbi na vipande vya mkaa chini ya gunia la mwisho, vilivyokuwa vitupwe. Alivikusanya akaenda navyo nyumbani. Ahadi ilikuwa ya hoteli, haikuwa ya ua wake, na kama nimekosea hapo basi Bi Martha atanisamehe. Akawasha, akapalia makaa chini, akapalia juu, akamimina mkate wa mwisho wa mkaa wa mkoko katika maisha yake. Ulitoka umepata rangi juu, kahawia, bila kasoro. Akaufunga kwa kitambaa akautia kikapuni, na kesho yake akapata lori linalokwenda mpakani kuchukua muhogo.

Kitaya ilikuwa na jua. Alielekezwa bila shida, kila mtu alimjua Mngoni. Nyumba ilikuwa ndogo, ya udongo, imefagiliwa vizuri, na bati lake lilikuwa limeanza kupata kutu kwenye misumari. Bati hilo alimwezekea nani? Mwanahamisi alilitazama mpaka machozi yakamlenga. Majirani wa kike walikuwa barazani kwao wanasuka ukili, wakaacha kazi wamtazame mgeni. Shabani mwenyewe alikuwa uani, ameigeuza baiskeli miguu juu, anahangaika na mnyororo, mgongo wake kwa njia.

Mwanahamisi akasimama mwisho wa uwanja. Aliinua sauti, ikatoka kubwa kuliko alivyotaka.

“Mume wangu Mngoni! Mke wako kafika.”

Shabani akageuka. Spana ilikuwa mkononi, amepakaa mafuta mpaka kwenye kiwiko. Alimwona amesimama pale na kikapu kichwani, na vumbi la lori kwenye nyusi, na mdomo wake ukafunguka kama ulivyofunguka miaka yote. Mwanahamisi akangoja. Alijua linakuja la babu zake na bahari, au la ng’ombe. Majirani nao wakatega masikio, kwa maana utani wa Mngoni na Myao ni wa kusimuliwa hata kwa wajukuu.

Hakikutoka kitu. Shabani alifunga mdomo. Akaiweka spana chini, juu ya mchanga, taratibu, akajifuta mikono kwa kitambaa, akajifuta tena hata pasipo na mafuta.

“Mngoni, mbona humjibu?” jirani mmoja akauliza. “Unashindwa na mwanamke?”

“Nimeshindwa,” alisema Shabani. “Huyu hatanii.”

Akavuka uwanja, akamtua kikapu. Alinusa kitambaa, akajua mara moja ni mkaa wa nani uliopika mkate huo, na ikabidi ageuze uso kidogo. Kisha akauliza, karibu kwa kunong’ona, mshenga amtume lini Masasi. Mwanahamisi akamwambia ampeleke hata kesho, na ng’ombe amewasamehe. Wakaingia barazani, akaukata mkate, na majirani wakaletewa vipande vyao.